Kamera Iliyokunywa Maji ya Bahari

Mwezi wa Julai, mwaka 2011, tulisafiri kwa mashua kutoka Faza kurudi Lamu. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, na wimbi moja likaingia chomboni likalowesha kikapu chetu. Ndani yake mlikuwa na kamera ya dijitali yenye picha alizopigwa mama yetu majuma mawili kabla ya kufariki. Hatukuwa na nyingine.

Tulipofika gatini tulikosa subira. Tuliiwasha ili tujue kama ingali nzima. Ikawaka mara moja, ikazima. Usiku tukaifukia katika mchele, kama tulivyosikia watu wakisema.

Kesho yake fundi alitikisa kichwa. Maji ya chumvi, alisema, hupitisha umeme mahali usipotakiwa. Kwa hiyo tulipoiwasha tuliiunguza wenyewe. Mchele nao hauondoi chumvi, na chumvi ikibaki huila shaba ya ndani. Ingalitupasa kutoa betri na kadi palepale, kisha kuisuuza kamera kwa maji yasiyo na chumvi. Tulishangaa: nani huosha kwa maji kitu kilicholowa?

Kamera haikupona. Ile kadi ndogo fundi aliisuuza, akaifuta, akaianika kivulini siku mbili. Alipoitia katika kompyuta tulinyamaza kama watoto waliokosa. Ndipo akatokea Mama, anacheka, kilemba kimeenda upande. Tulimshukuru Mungu, tukalia.