Picha za Ndani ya Mandiri: Nuru na Giza Vikae Pamoja



Kamati imeazimia kuta za mandiri yetu zipakwe rangi upya. Kabla fundi hajagusa ukuta, nawaomba vijana wenye kamera wapige picha za ndani, kwani ndizo zitakazobaki shahidi wa michoro ya wazee wetu.

Kazi hii ina ugumu wake. Jicho huliona dirisha lenye jua na garbhagriha yenye diya kwa pamoja, kamera haiwezi. Ukilifuata dirisha, ndani huwa giza tupu. Ukiifuata diya, dirisha huwa jeupe lisiloonyesha kitu.

Dawa yake ni ya zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativi mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akapata picha moja. Nasi tufanye vivyo hivyo, kwa idhini ya maharaji na nje ya saa za ibada. Kamera isimame juu ya stendi ya miguu mitatu. Tundu la lenzi libaki f/8, na ISO 100. Ubadilike muda tu: 1/60 ya sekunde, 1/15, 1/4, kisha sekunde 1, kila picha ikipokea mwanga takriban mara nne ya iliyotangulia. Feni zizimwe, mashada ya maua yasiyumbe. Kisha, katika kompyuta, picha zipangwe tabaka juu ya tabaka. Dirisha litolewe picha ya kwanza, pembe zenye giza picha ya mwisho, na mipaka ilainishwe.

Sisi wauza vitambaa twajua kwamba mteja mwerevu huitoa nguo nje ya duka aione rangi yake juani. Balbu huupaka ukuta umanjano usio wake. Basi zizimwe, michoro ipigwe kwa mwanga wa mchana.

Mwisho, tuwe na kiasi. Garbhagriha maana yake ni chumba cha tumbo la uzazi. Giza lake huyaongoza macho kwenye taa. Programu yaweza kukifuta kila kivuli, lakini tusiiruhusu. Mjukuu atakayeitazama picha hiyo akiwa Leicester aione nyumba hii kama babu yake alivyoiona.