Kidonge kimetangulia, chakula kiko wapi?

Wapo wagonjwa wa kisukari aina ya pili wanaoamka saa 11 alfajiri, wakameza kidonge kwa maji, wakakimbilia daladala, na chakula cha kwanza wakakigusa saa 7 mchana. Baadhi yao hufanya hivyo kwa sababu ya haraka. Wengine ni kwa makusudi: wanaamini kuwa asiyekula hana sukari ya kupanda.

Imani hiyo naipinga. Kuelekea alfajiri ini lenyewe humimina sukari katika damu. Ndiyo maana mtu hupima kabla hajatia kitu mdomoni, akakuta kipimo kiko juu, akaulaumu wali wa jana! Mwaka 2015 Daniela Jakubowicz na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa 22. Siku waliyokaa na njaa hadi mchana, sukari yao ilipanda zaidi baada ya chakula cha mchana, na hata cha usiku, kuliko siku waliyokula asubuhi. Watu 22 si wengi, nakubali, lakini jambo lenyewe ni la kuzingatia.

Kinachonitia hofu hasa ni kile kidonge. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi ni habari nyingine: hulisukuma kongosho kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na nguvu yake huweza kudumu kutwa nzima. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutetemeka, hutokwa jasho, huongea ovyo. Pale kituoni watu watasema kalewa. Kama bado anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali.

Na ale nini asubuhi? Chai ya sukari na maandazi, hapana. Kiporo cha maharage na kipande cha muhogo wa kuchemsha, au yai na mboga, pamoja na chai kavu, vinafaa zaidi, tena ni rahisi.

Asiyeweza kula mapema asiache dawa kwa uamuzi wake. Amtajie daktari saa anazokula kweli, apangiwe upya. Wengi wetu huitikia tu "ndiyo daktari", tukachukua vidonge na kuondoka.