Shahidi Amekaa Ughaibuni

Habari ya mbawakawa mpya aliyeokotwa katika majani yaozayo chini ya miti ya misitu yetu ya milimani mmekwisha kuisikia wiki hii, wasikilizaji wetu watukufu, na pongezi zimekwisha kutolewa na kila aliyestahili kuzitoa, na hata na baadhi ya wasiostahili. Kwa hiyo sisi hatutaongeza pongezi juu ya pongezi, bali tutauliza suala moja ambalo katika furaha ile halikuulizwa na mtu. Shahidi wake yuko wapi?

Maana katika ilimu ya viumbe jina halisimami pasipo shahidi. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo huanza hesabu yake katika kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, humtaka mwenye kueleza spishi mpya ateue, kwa kawaida, mdudu mmoja awe holotaipu, yaani shahidi ambaye kila dai la baadaye litapimwa kwake. Na kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999 hutaka pia itajwe nyumba atakamohifadhiwa. Itajwe nyumba, basi. Haitaki kwamba nyumba hiyo iwe katika nchi alikozaliwa mdudu.

Kazi yenyewe, insafu yatulazimu kukiri, ni ya subira kubwa. Mtu hupiga magoti msituni akayachekecha majani kwa chekecheke, kisha yale yaliyopenya huyatundika katika mfuko wa nguo, na kadiri yanavyokauka ndivyo wadudu wanavyoukimbia ukavu wakateremka, hata wakadondoka katika chupa ya spiriti inayowangoja chini. Baada ya hapo ni miezi, na aghalabu miaka, juu ya hadubini, akilinganisha vinyweleo, vipapasio na, mtuwie radhi mlio mezani, viungo vya uzazi vya dume, kwa kuwa mara nyingi hivyo tu ndivyo vinavyowatenga wawili ambao kwa sura ya nje hata mama yao asingewatambua.

Na mali hii ya wadudu ni yetu, hapana shaka. Milima ya Tao la Mashariki, tangu Taita kule Kenya, kupitia Upare na Usambara, hata Uluguru na Udzungwa, imetengwa na nyika kavu kwa mamilioni ya miaka, na wadudu wa majani makavu, ambao wengi wao wamekwisha kupoteza mbawa za kurukia, hawana njia ya kuivuka nyika. Ndiyo sababu mlima huu una wake na mlima ule una wake. Mwaka 2017 walitangazwa fukusi watatu wa jenasi iliyoitwa Lupangus, jina ambalo mtu wa Morogoro akilisikia hukiinulia macho kilele cha Lupanga: mmoja wa Usambara Mashariki, mmoja wa Uluguru, mmoja wa Udzungwa, nao wakapewa majina ya Asterius, Jason na Orpheus, mabaharia wa hadithi za Kiyunani. Hatuna ugomvi na Wayunani. Suala letu ni la shahidi.

Wajerumani walijenga chuo chao cha utafiti pale Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, kabla reli haijafika Morogoro, na bado mwanafunzi wa Muheza atakaye kumwona shahidi wa mdudu wa kilima cha kwao aghalabu hana budi kuomba viza aende Berlin, London au Tervuren. Wageni hatuwalaumu, kwani makabati yao yameviokoa na kuvu na mchwa vitu ambavyo sisi tungeviacha vioze. Lakini shahidi yuko ugenini! Wala si wadudu tu: chura wa Kihansi, wa hapa kwetu Tanzania, alipewa jina mwaka 1999, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na kama wasingalikuwako wachache waliotunzwa Marekani, waliorejeshwa kwa ndege mwaka 2010, tungalibaki na jina tupu. Shahidi ugenini, mbegu ugenini, ilimu ugenini, mpaka lini?

Basi hima, mabibi na mabwana! Makumbusho yetu yapewe chumba kikavu, makabati yafungikayo na watunzaji wa kudumu, si wa mkataba wa miezi sita. Sharti la kumrejesha shahidi lisiwe wino tu juu ya kibali cha utafiti, lifuatiliwe mpaka arudi. Kijana abebaye chekecheke kwa ujira wa kutwa aketishwe mbele ya hadubini, afunzwe, na jina lake liandikwe miongoni mwa waandishi wa makala, siyo mwishoni katika shukrani pamoja na dereva na mpishi. Wazazi, msiwacheke wanenu wakichagua ilimu ya wadudu! Na wabunge watakapokuja kwenu kabla ya kikao cha bajeti, waulizeni chumba hicho kitajengwa mwaka gani, kwa fedha ya fungu gani, wala msiwaache wainuke mpaka wamejibu.