Picha Zilizoshambuliwa na Virusi vya Kompyuta: Zimefichwa, Zimefungwa au Zimefutwa?

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa walaji

Miongoni mwa vitu tunavyovihifadhi ndani ya kompyuta, picha zina thamani ya pekee. Kompyuta ikiungua hununuliwa nyingine. Programu ikiharibika huwekwa upya. Lakini picha ya marehemu mzazi, ya harusi, au ya mtoto siku yake ya kwanza shuleni ikipotea, hakuna duka liuzalo nyingine. Ndiyo maana aliyeshambuliwa na virusi hushikwa na hofu, na mteja mwenye hofu ni rahisi kudanganywa. Nia ya mazungumzo haya ni kumwezesha mlaji kutambua kilichozipata picha zake kabla hajatoa hata shilingi moja.

Jambo la kwanza ni kutulia, kwa maana pupa yaweza kuharibu kuliko virusi vyenyewe. Ikate kompyuta kutoka kwenye intaneti, chomoa flashi na diski za nje, wala usihifadhi faili yoyote mpya. Zaidi ya yote, usikubali mtu yeyote aifomati diski kabla picha hazijaokolewa. Kufomati huweza kuondoa virusi, lakini huondoa pia njia ya kuzifikia picha.

Kisha jiulize swali moja: picha zimefichwa, zimefungwa, au zimefutwa?

Picha zilizofichwa

Hali hii huwapata hasa wanaochomeka flashi katika kompyuta nyingi, kama zile za vibanda vya kuchapisha na studio za picha. Ukiifungua flashi, folda zako hazionekani; badala yake zipo njia za mkato tu. Hapo picha hazijaenda popote. Virusi vimezipa alama ya kufichwa, na njia ya mkato imewekwa kama mtego: ukiibofya, unaviamsha virusi wewe mwenyewe. Ishara ya kutazama ni nafasi iliyotumika. Ikiwa flashi yaonekana tupu lakini nafasi yake kubwa imejaa, kuna uwezekano mkubwa kwamba picha zimo.

Tiba yake haina gharama. Kwanza isafishe kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi iliyo ya kisasa, la sivyo flashi itaambukizwa tena. Kisha ichomeke flashi, ikague kwa programu hiyo hiyo, na katika dirisha la amri la Windows andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo badala ya E utaweka herufi ya flashi yako. Amri hiyo huondoa alama ya kufichwa. Folda zikishaonekana, nakili picha mahali pengine, ndipo uzifute zile njia za mkato. Fundi anayekutoza fedha nyingi kwa kazi hii, akidai ameokoa picha zilizokuwa zimefutika, hakuelezi ukweli.

Picha zilizofungwa

Hali ya pili ni nzito zaidi. Majina ya faili yameongezewa herufi ngeni mwishoni, picha hazifunguki, na ndani ya folda kuna ujumbe unaodai fedha. Hivi ni virusi vya kikombozi. Vimezigeuza picha kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na ufunguo anao mhalifu. Kuviondoa virusi hakufungui picha, kama vile kumfukuza mwizi kusivyorudisha ufunguo aliokimbia nao.

Usiharakishe kulipa. Hakuna mkataba kati yako na mhalifu. Anaweza kupokea fedha na kunyamaza, au kudai zaidi. Tangu Julai 2016 upo mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na Polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Katika tovuti yake unaweza kupeleka mfano wa faili iliyofungwa, ukaelezwa ni aina gani ya virusi, na ikiwa ufunguo wake umekwisha kupatikana utapewa programu ya kufungulia bila malipo. Si kila aina imepata dawa. Basi ikiwa yako haijapata, zihifadhi faili hizo pamoja na ule ujumbe wa mhalifu katika diski ya pembeni, usubiri. Waliofungiwa na CryptoLocker mwaka 2013 walipata huduma ya bure ya kufungulia mwaka 2014, baada ya funguo kunaswa. Waliofungiwa na TeslaCrypt walipata ufunguo mkuu Mei 2016, ulipotolewa hadharani na waliovitengeneza virusi hivyo. Aliyekuwa amezitupa faili zake hakuwa na cha kufungua.

Toa taarifa polisi pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia data za mtu isivyo halali. Kwa upande wa ufundi, kipo kitengo cha taifa cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Picha zilizofutwa

Faili inapofutwa katika diski ya kawaida au kadi ya kamera, kwa kawaida kinachoondolewa kwanza ni jina lake katika orodha; maudhui hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake. Ndiyo sababu tumesema usihifadhi kitu kipya. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huweza kuzitafuta picha za namna hiyo. Matokeo yake lazima yahifadhiwe katika diski nyingine, siyo ile inayookolewa. Katika diski za kisasa za SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa mfumo wenyewe huweza kuyasafisha maeneo yaliyofutwa.

Virusi vikiandika juu ya picha yenyewe, kama vilivyofanya ILOVEYOU kwa faili za JPEG mwezi Mei 2000, tegemeo kuu ni nakala. Zitafute kwa ndugu uliowatumia, katika simu ya zamani, katika kadi ya kamera, kwa mpiga picha wa sherehe, na katika kapu la taka la Google Photos, ambalo hutunza kwa siku 60 picha zilizofutwa baada ya kuhifadhiwa huko.

Ukimwendea fundi

Tenganisha malipo ya uchunguzi na malipo ya kazi. Dai makubaliano ya maandishi yenye mambo matatu: kwamba diski haitafomatiwa bila idhini yako, kwamba picha hazitanakiliwa kwa matumizi ya mtu mwingine, na kwamba utalipia kilichookolewa. Kabla ya kulipa, fungua picha kadhaa kutoka folda mbalimbali. Orodha ya majina si ushahidi kwamba picha zimepona. Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti pamoja na makubaliano ndivyo ushahidi wako utakapolalamika.

Ndugu walaji, waswahili husema akiba haiozi. Kila picha unayoithamini iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya nyumba yako. Diski ya nakala isiachwe imechomekwa, kwani virusi vya kikombozi hufunga kila vinachokifikia. Jiepusheni pia na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure, maana ni mlango mmojawapo wa virusi hivyo. Diski moja ya nje na saa moja kila mwisho wa mwezi ni gharama ndogo kuliko kuutafuta uso wa mzazi ndani ya faili isiyofunguka.