Milimita Mbili za Jino



Anayetoka kuvikwa taji la jino hulisifu taji: linang'aa, linatafuna, limemgharimu fedha. Leo nawaomba tutazame kilichobaki chini yake, maana hapo ndipo tiba inapofaulu au kushindwa.

Enameli, lile tabaka jeupe la nje, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini; takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini seli zinazoitengeneza huwa zimekwisha kufa jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikimeguka haioti tena.

Chukueni mfano wa gego lililotibiwa mzizi. Daktari ametoboa juu, ametoa neva iliyooza, amesafisha mifereji na kuiziba. Maumivu yamekoma, mgonjwa ameaga, na mara nyingi harudi kuvikwa taji kwa kuwa hakuna tena kinachomuuma. Kumbe gego limepoteza paa lililokuwa likizishika kuta zake. Kila anapotafuna, kuta zinasukumwa nje kidogo kidogo, mpaka siku anapouma kijiwe ndani ya wali. Mpasuko ukishafika mzizini, hakuna la kufanya isipokuwa kung'oa. Nimeona magego mengi yaliyotibiwa vizuri yakiishia hivyo, na inaniuma, kwa sababu hasara hiyo ingeweza kuepukwa.

Taji huzuia mpasuko kama pete ya chuma kwenye mpini wa patasi: nyundo inapiga, mti hauchaniki. Ila pete inataka mti wa kushika. Taji likikalia mjazo mtupu, mzigo wa kutafuna hulilegeza, au huvunja mzizi. Mwaka 1990, Sorensen na Engelman walionyesha maabarani kwamba hata milimita moja ya jino zima juu ya ukingo wa taji huongeza sana uwezo wa jino kuhimili mzigo. Siku hizi tunawafundisha wanafunzi watafute milimita moja na nusu hadi mbili, kulizunguka jino lote. Zikikosekana, na wafikirie upya kama jino hilo linafaa taji, kabla mgonjwa hajalipa chochote.

Kazi yenyewe inataka subira. Baada ya ganzi, daktari hupunguza sehemu ya kutafunia, milimita moja na nusu hadi mbili kwa mataji mengi ya kauri, kisha huchonga kuta ziwe karibu wima. Zikiinama mno, taji litachomoka. Chapa ya jino huchukuliwa kwa silikoni au kwa kamera, na mgonjwa huondoka na taji la muda. Siku ya kuvikwa, hatua ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya karatasi nyembamba ya buluu. Mgonjwa anauma, anafungua, na doa linaonyesha mahali taji linapowahi kugusana na jino la upande wa pili. Panakwanguliwa, anauma tena, mpaka madoa yaenee sawasawa. Daktari akifanya haraka hapa, mgonjwa atarudi na maumivu.

Ninaloliogopa zaidi ni taji juu ya jino lisilohitaji. Edelhoff na Sorensen walipima mwaka 2002 wakakuta kwamba kuchonga kwa ajili ya taji kamili huondoa zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi. Vijana wa Arusha na kwingineko katika Bonde la Ufa, ambao meno yao yaligeuka kahawia kwa maji yenye floraidi nyingi, hutuomba mataji ili waweze kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Aibu yao ni ya kweli na inastahili tiba. Lakini kwa wengi wao inatosha kusugua tabaka la juu kabisa kwa asidi na unga maalumu, kupausha, au kubandika rezini nyembamba. Kumvika kijana wa miaka 19 mataji sita ya mbele ni kumfunga kuyabadilisha maisha yake yote. Napinga, na nawaomba wenzangu mpinge.

Kwa watoto ipo njia isiyochonga kabisa. Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti, alikuwa akivika magego ya utotoni yaliyooza mataji ya chuma cha pua bila sindano wala kuchimba: anajaza sementi, anabonyeza, mtoto anauma. Madhali neva haijaathirika, bakteria waliofungiwa humo hukosa chakula na uozo husimama. Matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 2006. Tiba isiyotegemea mashine si ngeni kwetu: hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ndiko mtaalamu wa meno Jo Frencken na wenzake walikoanzisha uzibaji wa meno kwa vifaa vya mkono pekee. Naomba basi chuo hiki kiiingize njia ya Hall katika mafunzo ya vitendo ya wataalamu wa kinywa wanaokwenda wilayani. Vifaa vyake vinaenea kwenye sinia moja, na umeme hauhitajiki.