Baada ya Posho: Ustahimilivu wa Lubumbashi na Deni Lake

Hakuna sifa ambayo Mkongo hupewa kwa urahisi kama ile ya kustahimili. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Luano, wiki haiishi kabla hajaandika kwamba watu hawa wana moyo wa ajabu. Mhubiri huirudia sifa hiyo Jumapili, mashirika huifanyia semina, na mwanasiasa huitumia anapokuwa hana cha kuahidi. Mimi sifa hiyo inanitia shaka. Huwapongeza watu kwa jambo ambalo hakuna aliyechunguza lilifanyikaje wala liligharimu nini. Leo nataka tulichunguze kwa kutumia kisa kilicho mlangoni petu, yaani kuanguka kwa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Hoja yangu ni kwamba aliyeanguka katika mji huu akasimama tena alishikilia vitu alivyokuwa navyo kabla ya kuanguka, na vingi kati ya hivyo ni vile ambavyo kampuni yenyewe ilividharau au ilivikataza.

Tuanze na kampuni ilivyojenga maisha ya watu wake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Wafanyakazi wa mwanzo waliletwa kwa mikataba mifupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Ndipo mnamo mwaka 1928 kampuni ikashika siasa ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja na mke wake na watoto wake. Akapewa nyumba ya kambi, hospitali, mahali pa kujifungulia, shule ya watoto, na juu ya yote posho: unga, maharagwe, mafuta, samaki, vikipimwa kwa kuhesabu vichwa vya nyumba. Mke alifundishwa kushona na kupika kizungu, na biashara yake haikutakiwa kambini, maana mke wa mtu wa kazi alipaswa kulishwa na mume, na mume na kampuni. Nani alikuwa baba wa kweli katika mpango huo ilionekana wazi Desemba 1941, wagomaji walioomba nyongeza ya mshahara walipopigwa risasi uwanjani hapa mjini, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Hata hivyo posho iliendelea, na baada ya serikali kuitwaa kampuni tarehe 1 Januari 1967 mfumo ule ule ukarithiwa na Gécamines. Watu wa Katanga waliufupisha kwa maneno ambayo kila mzee hapa anayajua: Gécamines njo baba, njo mama.

Baba huyo hakuanguka siku moja. Bei ya shaba ilishuka baada ya mwaka 1974, na mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela iliyopeleka madini baharini. Kampuni ilijikaza, ikafikisha tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986, lakini ilikuwa ikila mtaji wake, kwa kuwa fedha zilikwenda Kinshasa na mashine hazikufanyiwa matengenezo. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji, mwaka 1992 na 1993 kufukuzwa kwa watu wa Kasai, kisha vita. Kufikia mwanzo wa karne hii uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mishahara ilikuwa haijalipwa miezi mingi, posho imekoma, hospitali ina vitanda bila dawa. Ndipo mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wenye miaka mingi kazini wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Zilitolewa takribani dola milioni 43. Ukigawa, kila mmoja aliondoka na kama dola 4,000 kwa wastani, kwa utumishi ambao mara nyingi ulipita miaka 25. Kuhusu hiari, mtu asiyelipwa miezi na miezi akiwekewa karatasi na fedha mezani, sioni alikuwa na njia gani nyingine.

Mwanahistoria wa chuo chetu hapa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalosema wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Kazi yake, pamoja na ile ya Benjamin Rubbers juu ya wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, inatuonyesha yaliyotokea ndani ya nyumba. Tembeeni katika mtaa wa Gécamines, hapa hapa komuni ya Lubumbashi. Mbele ya nyumba ambazo zamani hazikuruhusiwa kuwa na hata kibanda, kuna meza ya mbao: makaa yamepangwa mafungu mafungu, mafuta yamegawanywa katika vichupa, sukari imefungwa katika vijifuko vya kutosha chai ya asubuhi moja. Meza hiyo karibu kila mara ni ya mama. Yeye ndiye aliyeanza kuuza wakati mshahara ulipopungua thamani, kabla haujakoma, na mara nyingi mume alisema anamwaibisha. Yeye pia ndiye aliyekwenda kulima njia ya Kipushi au ya Kasenga mvua zilipoanza, akarudi na mahindi ya bukari, ugali wetu. Mshahara ulipokoma kabisa, nyumba yenye meza na shamba ilipunguza milo ikaendelea kuishi. Nyumba iliyotii kanuni zote za kampuni, ambayo mama alikuwa mke wa nyumbani kama alivyofundishwa, haikuwa na pa kuanzia. Utiifu ule ndio ulioiponza.

Jambo hili halikuonekana Katanga peke yake. Katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, kiwanda cha nguo kilifungwa mnamo mwaka 1930 na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Marie Jahoda na wenzake wawili walikwenda kuwachunguza watu wale, wakachapisha utafiti wao mwaka 1933. Waliona kwamba wanaume, ambao sasa muda wote ulikuwa wao, walitembea polepole na kusimamasimama njiani, na vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko zamani. Wanawake walitembea haraka, kwa sababu kazi ya nyumba haikufungwa pamoja na kiwanda. Halafu walizipanga familia kwa hali ya moyo, toka zile ambazo hazijavunjika hadi zile zilizokata tamaa na kuacha kujali. Walipoangalia mapato wakakuta mpangilio ule ule: familia zisizovunjika zilikuwa na shilingi 34 hivi kwa mtu kwa mwezi, zilizoacha kujali zilikuwa na 19. Kumbukeni tofauti hiyo, shilingi 15. Tunachokiita tabia ya mtu kinaweza kuwa chakula cha wiki mbili.

Mtu wa kanisa ataniambia kwamba nimeisahau imani. Atasema wapo waliokuwa na shamba wakanywa pombe mpaka kufa, na wapo waliokosa kila kitu wakasimama kwa maombi. Ni kweli, na mji huu wenye makanisa kila kona ungenicheka nikibisha. Ila tuangalie kanisa lilimpa nini mfanyakazi aliyeachishwa. Lilimpa faraja, naam, na pia watu wa kumtembelea akiugua, mchango wa jeneza, mtu wa kumwambia mahali panapotafutwa fundi wa umeme, na cheo cha shemasi mahali pa cheo cha msimamizi alichokipoteza. Emmy Werner, aliyewafuata watoto 698 waliozaliwa kisiwa cha Kauai mwaka 1955, aligundua kwamba kama theluthi moja ya wale waliokulia katika hatari kubwa walikuja kuwa watu wazima wazuri, na kwamba kwa kawaida alikuwapo mtu mzima mmoja aliyewashika mkono, awe bibi, mwalimu au jirani. Moyo upo, siukatai. Lakini nikitafuta mahali moyo huo ulipopata nguvu, nakuta watu.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi, maana husemwa na watu wa mji wenyewe: walipewa dola, wakazila. Sote tumesikia habari za aliyenunua gari likafa mwezi wa tatu, au aliyeoa mke wa pili. Watu hao walikuwapo, na habari zao hupendwa kwa sababu zinachekesha. Lakini hesabu haitaki kicheko. Mtu ambaye hajalipwa muda mrefu ana deni dukani, deni la karo, deni la mwenye nyumba au la shemeji. Fedha zilipofika, sehemu yake ilikuwa imekwisha kuliwa zamani. Waliobaki na akiba walinunua kiwanja, walijenga vyumba viwili, walifungua duka dogo, na maduka madogo elfu yaliyofunguliwa pamoja katika mji ambao wateja wake ndio hao hao walioachishwa hayawezi yote kuishi. Mzaha wa taifa zima, kile Kifungu cha 15 kinachomwamuru kila raia ajitafutie, haukusema vitu vyake vinunuliwe na nani.

Hapa kuna jambo ambalo wasifiaji wa ustahimilivu hawalitaji. Watu wakipoteza tegemeo lao wanaweza kusaidiana, na wanaweza pia kuamua kwamba jirani ndiye aliyekula sehemu yao. Mwaka 1992 na 1993 Katanga ilifanya hilo la pili. Familia za asili ya Kasai, ambazo nyingi zilizaliwa hapa na kufanya kazi hapa vizazi viwili au vitatu, zilitolewa majumbani Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni zikisubiri treni, na wengi wakafia humo. Walioingia katika nyumba zao na kazi zao wangeweza kusema kwamba walikuwa wakisonga mbele. Kampuni nayo ilipoteza mafundi wake. Kwa hiyo siukubali ustahimilivu wa kikundi kuwa jambo jema mpaka niulize nani ametolewa nje ili wengine watoshe ndani. Tena, baadhi ya waliofukuzwa walianza upya Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu kwa ufundi waliokuwa nao mikononi, na huo ni ushahidi mwingine wa hoja yangu, ingawa ningetamani usingepatikana kwa njia hiyo.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo mimi mwenyewe naliheshimu kuliko yote. Wanafunzi wangu husema: ukieleza vizuri jinsi watu walivyojiokoa, unaipunguzia serikali na Benki ya Dunia deni lao. Aliyesimama tena, nani atamlipa? Kwa miaka mingi wafanyakazi wa zamani waliunda umoja wao, wakaandamana, wakaandika barua, wakidai hesabu ya malipo yao irudiwe. Wako waliowashauri waache, wasahau, waangalie mbele. Ushauri huo naukataa. Kudai na kusubiri ni mambo mawili. Aliyekaa barazani akisubiri kampuni irudi kama zamani alijiumiza, kweli. Lakini aliyekwenda shambani asubuhi na mkutano wa madai jioni hakuwa na mgongano wowote ndani yake. Mara nyingi mkutano ule ndio uliompa sababu ya kuvaa shati safi na kukutana na wenzake wa kazi. Kuwaambia watu wasamehe deni ili wapone ni kuwatoza malipo ya dawa.

Shaba imerudi. Congo leo ni kati ya nchi mbili tatu zinazoongoza duniani kwa kuitoa, na uzalishaji wa nchi umepita tani milioni mbili kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya kilele cha Gécamines. Posho haikurudi pamoja nayo. Kijana anayepata kazi leo huajiriwa mara nyingi na kampuni ya kandarasi, kwa mkataba wa miezi, bila nyumba, na migodi yote ina mwisho unaokadiriwa na wahandisi kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa. Wazee wetu hupenda kusema zamani ilikuwa afadhali. Kwa hospitali na shule nakubaliana nao. Kwa nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja, sikubaliani. Wenzetu wa Zambia walipoyauza makampuni yao ya migodi miaka ya 1990, nyumba za kambi ziliuzwa kwa wafanyakazi waliokuwa wakikaa humo kwa bei nafuu. Wengi walipoteza kazi hata hivyo na waliteseka, lakini mtu mwenye hati ya nyumba anaweza kupangisha chumba, kulima uani, kumwachia mtoto.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Fedha hizo zinapoelezwa huonyeshwa majengo yaliyopakwa rangi na bamba lenye jina la kampuni. Mimi ningeuliza maswali mengine: mama wangapi wana hati ya shamba kwa jina lao, barabara gani inapitisha mahindi hadi Lubumbashi wakati wa mvua, fundi gani ana cheti kinachokubalika nje ya mgodi ule mmoja, na akiba ya kumlipa mfanyakazi siku ya kufungwa imewekwa benki gani, kwa jina la nani. Majibu yake yatolewe siku mkataba unapotiwa sahihi. Mwaka 2003 watu 10,655 waliulizwa kama wangependa kuondoka, na maswali haya hakuna aliyekuwa ameyauliza mwaka 1967.