Fedha ya Desemba Haioti Mboga

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mhasibu katika chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam)

Mwenyekiti aliniambia nizungumzie hesabu za mwaka. Hesabu mmezishika mikononi, zimekaguliwa, sina cha kuongeza. Naomba badala yake tuzungumzie bustani ya mboga. Naona baadhi yenu mnacheka. Nshomile mzima, mwenye shahada yake, anasimama hotelini kuwafundisha watu mchicha.

Mwaka 2022 utafiti wa afya wa taifa ulionyesha kwamba watoto 30 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mkoa wetu, wenye ndizi, maharage, kahawa, samaki na mvua, ulikuwa juu ya wastani huo. Mtoto wa kwetu halali njaa. Anashiba ndizi asubuhi, anashiba ndizi jioni, na tumbo lake likijaa hakuna anayeuliza kilichopungua. Kilichopungua ni majani ya kijani, karoti, boga, yai, dagaa. Na wengi wa watoto hao wanalelewa na bibi. Hilo tunalijua kuliko mikoa mingine, kwa sababu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii waligunduliwa kwetu Kagera mwaka 1983, na bibi walianza kulea wajukuu tangu siku zile.

Kamati inapendekeza kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu iende kwenye bustani za kaya hizo, robo eka kila moja. Naunga mkono, lakini kwa sharti moja la kalenda. Nitalifikia.

Wazee wetu waligawa ardhi mara tatu. Kuna kibanja, penye migomba na mibuni kuizunguka nyumba. Kuna kikamba, pembeni yake, pa mazao ya msimu. Na kuna rweya, nyasi tupu. Tunapenda kusema kwamba ardhi yetu ina rutuba. Udongo wetu mwingi umetokana na mawe ya mchanga na umeoshwa na mvua kwa karne nyingi. Ukiuacha peke yake ni maskini na una uchachu. Rutuba ya kibanja ililetwa pale kwa mikono: samadi kutoka kwa ng'ombe aliyekula rweya, nyasi zilizokatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, majivu na taka za jikoni. Mimi kwa lugha ya kazi yangu naiona kama akaunti mbili. Rweya ililipa, kibanja kikapokea, kila mwaka, vizazi na vizazi.

Sasa rweya ile imefanyiwa nini? Imepandwa mikaratusi na misonobari. Na wenye miti hiyo wengi hawakai kijijini, wamekaa kwenye ukumbi huu. Sisemi miti ni dhambi, mbao zina soko. Lakini bibi aliyekuwa akikata nyasi hatua mia moja kutoka nyumbani leo ananunua mzigo wa nyasi kutoka mbali, au hanunui, na kibanja kinakonda. Mwenye shamba la miti naomba aache ukanda wa nyasi kwa majirani. Hilo halihitaji harambee.

Turudi kwenye robo eka. Ni karibu mita za mraba 1,000. Isiwekwe katikati ya migomba, kivuli kitaiua mboga. Iwe kikambani, jirani na jiko na maji, na izungushiwe uzio kabla ya kitu kingine chochote, maana kuku wa kijijini hajui mradi. Ndani yake yanatosha matuta 50 ya upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, na njia za nusu mita katikati ili mama asikanyage tuta wala asiinamie mbali. Kila tuta lipewe debe nne za mboji au samadi iliyoiva. Hapo tunazungumzia debe 200. Ng'ombe mmoja anayelishwa bandani, ukihesabu na matandiko yake, anaweza kufikisha kiasi hicho kwa mwaka. Bibi asiye na ng'ombe hawezi, labda arundike mboji au anunue. Bei nimeziacha nje kwa makusudi, kwa sababu bei zinabadilika kila wiki. Debe 200 hazibadiliki.

Mboji huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva, ikigeuzwa kila baada ya wiki chache. Mvua za vuli kwetu huanza Septemba. Hesabu kurudi nyuma: lundo lianze Juni, maharage ya masika yakivunwa na maganda yake yakiwa bado yapo. Maganda ya ndizi, nyasi, majivu kidogo, samadi yoyote iliyopo, udongo wa juu. Lakini mgomba ulioshambuliwa na mnyauko usiingie humo. Ugonjwa huo ulionekana Muleba mwaka 2006 na tunajua ulivyotufanya. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa ya madoa kabla ya kugusa mwingine.

Julai ni kufyeka na kulima kwa kina, na kung'oa sangari mzizi kwa mzizi wakati jua likiwa kali la kuukausha. Usiuzike, utaota tena. Katikati ya Agosti, kitalu: kabichi, sukuma wiki, bilinganya, nyanya chungu, chini ya kichanja cha nyasi, maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki nne au tano miche ina urefu wa kiganja na mvua imeshika. Inahamishwa jioni au siku ya mawingu, kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Karoti hazipendi kuhamishwa, zipandwe palepale. Mchicha na mnavu nao wapandwe palepale, tuta moja leo, la pili baada ya wiki mbili, la tatu baada ya wiki mbili nyingine. Mchicha huanza kuliwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Ukipanda matuta yote siku moja utakula mchicha kwa wiki tatu, kisha ndizi kavu hadi mwaka ujao. Ofisini tunaita mtiririko wa fedha. Mama zetu hawana jina lake ila wanaujua.

Nyanya mimi nisingeziweka kwenye orodha ya vuli kwa watu wa ukanda wa ziwa. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyanya yenye majani yaliyolowa kila siku huliwa na ukungu kabla haijaiva, au mama atumie fedha yote kwenye dawa. Zipandwe bondeni wakati wa kiangazi. Kwa ndugu wa Kimwani na sehemu za mbali na ziwa mvua ni chache, hapo hesabu ni nyingine: matandazo manene na viazi lishe zaidi kuliko kabichi.

Sasa lile sharti. Mwaka hadi mwaka fedha yetu hufika nyumbani Desemba, pamoja nasi, tukiwa na makreti ya soda na mabati ya nyumba ambazo zitafungwa Januari. Desemba mvua za vuli zinakwisha. Fedha ya samadi inayofika Desemba hainunui mboga ya msimu huo, inanunua ahadi, na ahadi hiyo huliwa kwenye sikukuu. Tukitaka kaya hizi zivune Oktoba, mchango uwe umelipwa kabla ya Juni kwisha. Ukichelewa hadi Septemba, ni afadhali kamati iufungie benki isubiri msimu wa Machi kuliko kuugawa ili tu tupige picha.

Na ufike kwa nani? Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilitamka kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanamume. Tukikubali kwamba anaweza kuuza ardhi, hatuwezi kushindwa kuandika jina lake kwenye orodha ya mbegu. Naomba risiti iandikwe kwa jina la anayeshika jembe. Shemeji wa mjini asipokee kwa niaba yake.

Mbolea na mbegu zinunuliwe hukohuko, samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, vibarua vijana wa kijiji hichohicho. Fedha taslimu isizidi ile ya kumwagilia na kulinda kitalu. Maofisa ugani wa kata wapo, na watafiti wa TARI Maruku hawako mbali. Kamati ikawaone kabla haijanunua mbegu yoyote.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni, kwa mweka hazina. Kuna mstari wa tarehe. Tafadhali msiandike Desemba.